Nyumba Iliyojaa Hodi

Bibi yangu alikuwa na kipaji cha kutojibu hodi. Wengine hujificha, huzima taa, au humtuma mtu aseme wametoka. Yeye hakuhangaika na mambo hayo. Aliwasha taa, akaongeza sauti ya redio, akaendelea kuchambua mchele wake huku mtu nje anapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwetu Kionga ada ndiyo hiyo: hodi tatu, usipojibiwa unageuza, na huruhusiwi kununa. Anayeita mara ya nne hakulelewa.

Hakuwafanyia hivyo watu wote. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alikaribishwa kabla hajamaliza neno. Aliyekuwa akinyimwa jibu ni mtu mmoja tu, fundi cherehani wetu, mgane, mtu mzima mpole aliyevaa kanzu alizojishonea mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri alifika mlangoni kwetu na kisingizio mkononi: mara foronya ya vipande vilivyobaki, mara kitambaa cha kufunikia mkate. Kwanza alikohoa kidogo. Kisha akasema "Hodi" taratibu, kama anapima kitambaa anachoogopa kukikata. Akangoja. Akasema ya pili, akasema ya tatu, akaweka kifurushi chake barazani na kuondoka. Bibi alisubiri nyayo zipotee, ndipo akaniambia, "Mume wangu, hebu katazame kaacha nini."

Mume wangu ndiye mimi. Kwa asiyelelewa na bibi nieleze: kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani tangu siku anayozaliwa, na cheo hicho nimekibeba kutoka kwenye nepi mpaka kwenye ndevu. Niliishi naye, nikifundisha shule ya msingi ya hapo hapo, na kwa kuwa nilikuwa mume nilikuwa na haki ya kukalia kiti cha babu. Babu alifariki wakati wa vita, tulipokuwa tumekimbilia bara, na tulimzika huko, katika ardhi ya watu waliotupokea vizuri lakini haikuwa yetu. Tuliporudi tulikuta nyumba haina mlango wala sufuria. Kiti kilikuwepo, kwa sababu mguu wake mmoja ni mbovu na wezi walikidharau. Bibi akakiegemeza ukutani na kutangaza kwamba hapo hakai mtu ila mumewe. Basi nikawa nakaa, kwa uangalifu.

Ijumaa moja, fundi alipokwisha kwenda, nilimuuliza Bibi kwa nini anamtesa mtu wa watu.

"Nikisema karibu, ataingia," alisema. "Akiingia, nitamzoea. Mie mambo ya kumzoea mtu nimeshaacha."

Akanisogezea ungo wa mchele nichambue, maana yake mazungumzo yamekwisha.

Ningeliacha jambo hilo hapo kama fundi asingekuwa anahama. Binti yake alikuwa anaishi Nampula na alimtaka baba yake akakae naye, na wakakubaliana kwamba ataondoka akimaliza kushona sare za shule yetu. Mimi ndiye niliyekuwa nazipokea sare hizo kwa niaba ya shule, kwa hiyo nilijua siri ambayo Kionga nzima haikuijua: fundi alikuwa anashona na kufumua. Sketi ingekuwa na pindo Jumatatu, Jumatano pindo halipo. "Mshono haukunipendeza, professor," aliniambia, kwani ndivyo mwalimu anavyoitwa kwetu, bila kunitazama usoni. Lakini hata kufumua kuna mwisho. Wanafunzi walikuwa wanakuja na kaptula za mwaka uliopita, zimewabana mpaka hawawezi kuinama, na mkuu wa shule alishaanza kunguruma.

Nilimpenda bibi yangu, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mume. Nilikuwa na mchumba huko Mute, na mama yake alikuwa ameanza kuniuliza nangoja nini. Nisingeweza kumjibu kwamba nina mke mkubwa nyumbani anayenikatalia. Nilitaka Bibi apate mtu wa kucheka naye, mtu anayekumbuka nyimbo anazozikumbuka yeye. Fundi akishapanda gari la Nampula, nilijua Bibi hatafungua kinywa kwa mtu mwingine mpaka tunamzika.

Hapo ndipo walipokuja watu wa sanaa.

Walikuwa wawili, kutoka Maputo, na gari limejaa mianzi na nyaya. Mmoja alikuwa msanii mwenyewe, dada mwenye nywele fupi na buti kubwa. Mwingine alikuwa mtaalamu wake wa sauti, bwana aliyeongea na nyaya zake zaidi kuliko na watu. Walihitaji mkalimani, na mkuu wa shule akanitoa mimi, nadhani ili apumzike na mdomo wangu. Wakajenga kijumba katika uwanja wa nyuma ya soko: nguzo za mianzi, kuta za kitambaa cheupe, mlango usio na ubao, na mkeka ndani. Juu ya paa wakaweka sahani za jua za kuleta umeme.

Msanii alinieleza na mimi nikawaelezea watu waliokusanyika. Pale mlangoni kuna kinasa sauti. Ukisema neno, taa za ndani zinawaka kwa kadiri ya sauti yako: ukinong'ona inawaka moja au mbili, ukipaza sauti unawaka ukuta mzima. Nyumba inaitunza sauti hiyo. Kisha ukiingia na kukanyaga mkeka, sauti za waliokutangulia zinatoka katika spika za pembeni, na taa zinakimbizana nazo. Ni nyumba inayokumbuka, alisema msanii. Watu wataingia, wataimba, watacheka, watajibizana na sauti za wenzao. Watu walitikisa vichwa vizuri sana, nami nikajipongeza kwa ukalimani wangu.

Jioni ya kwanza, baada ya magharibi, uwanja ulijaa. Wa kwanza kujitokeza alikuwa mama muuza mihogo, kajifunga leso mpya mbili. Akasogea hadi karibu na mlango, akasimama kwa upande kidogo ili asichungulie ndani, kama anavyosimama kila mtu aliyefundwa.

"Hodi," akasema.

Taa zikawaka. Watu wakaguna kwa raha. Mama akangoja.

"Hodi wenyewe."

Zikawaka zaidi. Akangoja tena, akarekebisha leso, akaita ya tatu kwa sauti ya sokoni, na ukuta wote ukawa mweupe. Kisha kimya. Mama muuza mihogo akageuka akarudi kwetu, uso umemshuka.

"Yumo," akasema. "Kawasha taa. Hajibu."

Ungedhani wengine wangekata tamaa. Kumbe kila mmoja alijiona kuwa yeye ndiye mgeni wa heshima atakayejibiwa. Akaenda muuza duka, nyumba ikamwashia taa na kunyamaza. Wakaenda dada wawili kwa pamoja, wakipokezana, wakaambulia taa. Akaenda mwalimu wa madrasa, yeye akatanguliza salamu mara tatu kwa utulivu, ndipo akapiga hodi zake. Nyumba ikawaka vizuri na haikusema kitu. Kutojibu hodi ni jeuri. Kutojibu salamu ni jambo jingine kabisa, na minong'ono ikaanza.

Msanii akanishika mkono. "Waambie waingie tu. Ni yao hii."

"Ingieni tu," nikawaambia. "Ni ya kwenu."

"Ya kwetu vipi, na taa kawasha mwingine?" akauliza muuza duka.

"Hamna mtu mle."

"Hamna mtu, halafu taa nani kawasha?"

Nikaeleza upya habari ya kinasa sauti. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Basi hicho kimwambie mwenyewe kuna wageni nje," akasema.

Nilipomweleza msanii tatizo liko wapi, hakuamini. Hata Maputo, alisema, mtu huomba ruhusa, husema licença. Nilishawahi kukaa Maputo, naijua licença yao. Huisema mtu akiwa tayari yuko sebuleni anatafuta rimoti.

Mama muuza mihogo alikuwa bado anaitazama ile nyumba kwa kinyongo. Kisha akanitazama mimi, na uso wake ukafunguka. "Professor," akasema, "nyumba hii kaijenga bibi yako."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Fundi alikuwemo katika watu wale, nilimwona. Alicheka naye, lakini kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole na hataki kusema. Halafu akajitokeza. Nadhani alitaka kuwaonyesha kwamba hakuona aibu. Akaweka kofia yake sawa, akakohoa, akasema hodi zake tatu kwa mwendo ule ule wa Ijumaa, na kwa kuwa sauti yake ni ya chini, kila mara iliwaka taa moja tu. Akangoja muda unaotosha, akatuinamishia kichwa, akaenda zake. Katika watu wote wa jioni ile, ni yeye peke yake ambaye hakushangaa.

Watu walipotawanyika, msanii alikaa juu ya sanduku la vifaa na kusema kesho watabomoa, waende Palma wakajaribu bahati. Alikuwa karibu kulia. Mtaalamu wa sauti akavaa vipokea sauti vyake asikilize nyumba imekusanya nini. Mabega yake yakaanza kutikisika, kumbe anacheka. Akanivalisha na mimi. Ilikuwa hodi tupu. Hodi za ukali, hodi za kubembeleza, hodi za mtu mwenye haraka, Kionga nzima ilikuwa ndani ya waya, na hakuna hata mmoja aliyesema neno jingine. Kati yao nikasikia kikohozi ninachokijua. Wazo likanijia, na mimi si mtu wa kuliacha wazo lilale njaa.

Nikamwambia msanii kwamba nyumba yake imekamilika, imepungukiwa kitu kimoja tu, mwenyewe. Anipe jioni moja niwe mwenyewe. Akasema kwa kuwa hana cha kupoteza, sawa.

Jioni ya pili nikajibanza nyuma ya ukuta wa kitambaa, mchanga umenijaa viatuni. Mama muuza mihogo akaja na uso wa kutoa nafasi ya mwisho.

"Hodi."

"Karibu, mama," nikaitikia kwa sauti nene ya mtu mwenye mashamba. "Karibu ndani."

Akavua kandambili, akaingia, akakanyaga mkeka. Kutoka pembe zote nne zikamiminika hodi za jana. Nami nilitegemea atashtuka au atacheka. Badala yake alianza kujibu. "Karibu. Karibu, baba. Karibu, mwanangu. Karibuni, jamani, karibuni, piteni." Kila hodi aliipa karibu yake, mbio mbio, pumzi zinamwishia, kwa maana malezi hayakumruhusu kuiacha hata moja inaning'inia. Taa zilikimbia ukutani huku na huko. Waliokuwa nje walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha nao wakaingia, nao wakajikuta wanajibu. Mume alimkaribisha mkewe aliyesimama naye bega kwa bega. Muuza duka aliisikia hodi yake mwenyewe, akaikaribisha kwa heshima zote na kuiuliza habari za nyumbani. Viatu vilijaa mlangoni kama kwenye sherehe ya harusi. Msanii alilia machozi ya kweli, na safari ya Palma ikasogezwa mbele. Mimi sikuhitajika tena, lakini nilikaa pale pale nyuma. Nilikuwa nimeupenda umwenye-nyumba.

Bibi hakuwa amekwenda. Nyumba isiyo na mwenyewe, alisema, yeye ataenda kufanya nini. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Alhamisi, nilijua mambo mawili. Kwanza, watu wa sanaa wataondoka Ijumaa. Pili, mkuu wa shule alikuwa amemwendea fundi mwenyewe na kusimama juu ya cherehani yake, na sare za mwisho zilikuwa zinashonwa bila kufumuliwa. Gari la Nampula lingempitia Jumamosi asubuhi.

Nikamwendea mtaalamu wa sauti. Nikamwambia leo akiingia bibi mmoja wa leso ya buluu, aziweke kando sauti zote, aache ile yenye kikohozi. Hakuniuliza kwa nini. "Pronto," akasema, yaani tayari, akageukia nyaya zake, na hapo nikajua naye ni mwenzetu.

Kisha nikarudi nyumbani nikamwambia Bibi kwamba huko mjini watu wanasema ile nyumba kaijenga yeye.

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wote, Bibi."

Akatua ungo. Akajitanda leso yake ya buluu, na kwa jinsi alivyojitanda nilijua nitangulie kwa njia ya mkato.

Watu walimpisha alipofika, na kelele zikapungua. Fundi hakuwepo, alikuwa kwake na cherehani. Bibi akasimama kando ya mlango.

"Hodi."

"Karibu ndani," nikaitikia kwa sauti ya mashamba.

"Mume wangu," akakiambia kile kitambaa, "toka huko nyuma, utang'atwa na nyoka."

Walicheka sana. Nikatoka, nikazunguka, nikajipenyeza mlangoni pamoja na wengine kuangalia. Bibi alikwisha vua viatu na kuingia. Akakanyaga mkeka.

Kikohozi kikatoka kwanza. Hapo hapo uwanja mzima ukajua ni nani. "Hodi," ikasema pembe ya kushoto, taa moja ikawaka. Hakuna aliyecheka. "Hodi," ikasema sauti nyuma yake, akageuka. Ya tatu ikatoka upande wa kulia. Kisha taa ikafifia, na Bibi akabaki amesimama katikati ya mkeka ameshika pindo la leso. Tukangoja. Mama muuza mihogo alikuwa anachezesha midomo bila sauti, karibu, karibu, kama anamfundisha mtoto. Mimi roho ilikuwa mkononi. Sema, Bibi, nilimwomba kimoyomoyo, sema hata kwa bahati mbaya.

Bibi akatoka, akavaa viatu, akapita katikati yetu.

"Mmejazana hapa," akasema, "majumbani kwenu anapika nani?"

Nilimfuata nyuma njia nzima nikiwa na hasira, naye, na mimi mwenyewe, na wataalamu wa sauti wote. Nyumbani sikutaka hata kukikalia kiti cha babu. Yeye akawasha taa, akauchukua ungo, akachambua. Redio hakuiwasha.

"Ile mashine yenu," akasema, "inaongeza kitu katika sauti ya mtu?"

"Hapana, Bibi. Inatoa kama ilivyopokea."

"Hata ile pumzi?"

"Pumzi gani?"

"Kabla ya ile ya tatu. Anavuta pumzi inatetemeka. Mtu mzima yule." Akatoa chuya, akazitupa. "Mie miaka yote namsikia mtu anayejiamini tu, kaja kunijaribu."

Mimi nilikuwa nimesikiliza kikohozi tu, pumzi sikuisikia. Nikamwambia labda hapa mlangoni haisikiki kwa sababu ya redio. Akaniambia nile nikalale.

Ijumaa mchana walibomoa. Mianzi ikapandishwa garini, kitambaa kikakunjwa, na hodi zetu zote zikaondoka nao. Siku hizi nasikia nyumba ile inasimamishwa katika viwanja vya miji mingine. Watu wa huko huingia, husikia kundi zima linabisha, hupiga picha na kutoka bila kumkaribisha hata mmoja. Inanichoma kidogo. Nilimwambia msanii aweke kibao cha kuwaeleza, akasema sanaa haihitaji kibao.

Baada ya alasiri nilikaa kwenye kiti cha babu, Bibi na ungo wake. Redio ilikuwa kimya, nami nikadhani betri zimekwisha. Nyayo zikaja, zikasimama mlangoni. Bila shaka alikuwa amekwisha sikia. Kionga yote ilikuwa imempelekea habari kwamba hodi zake zilipigwa mbele ya kadamnasi na Bibi akazipita bila kuzijibu. Kikohozi kikatoka, na baada ya kikohozi, hakuna kitu.

Kupitia upenyo wa mlango niliona pindo la kanzu na furushi la sare. Nikasikia furushi linatua barazani. Alikuwa amekuja kukabidhi kazi na kuondoka. Mikono ya Bibi ilisimama ndani ya mchele. Mimi sikuweza kusema neno, maana safari hii nyumba ilikuwa na mwenyewe. Nyayo zikageuka.

"Karibu," akasema Bibi.

Nyayo zikasimama.

"Sikupiga hodi," ikasema sauti ya fundi kule nje, ya mtu anayejitetea.

"Ulishapiga. Nilizisikia zote. Karibu ndani."

Akavua viatu. Akaingia, akasimama katikati ya chumba bila kisingizio chochote mkononi, hajui mikono aiweke wapi. Bibi akamtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Mume wangu," akasema, "inuka mwenzio akae. Mwambie habari ya ule mguu."

Nikainuka, nikamwambia habari ya ule mguu. Akakaa akiegemea upande ule mzima, polepole, na kiti kikamchukua. Nikaenda jikoni, nikainjika birika, nikauliza kutoka huko chai iwe ya watu wangapi. Hawakujibu. Nikauliza mara ya pili. Nilipouliza ya tatu nikasikia redio inawashwa, tena kwa sauti kubwa. Ada ni ada. Nikaipua birika, nikageuza, na wala sikununa.